Msituni Kuna Njia, na Njiani Kuna Mzinga

Nimechoka kusikia kwamba mzinga wa kupiga vifaru hauna kazi msituni.

Wanaosema hivyo ni wenzangu katika mchezo wa vita wa mezani, watu ninaowaheshimu, watu wanaoweza kukutajia unene wa deraya ya kifaru chochote cha mwaka 1942 bila kufungua kitabu. Lakini weka mbele yao meza ya Malaya, ya Guadalcanal au ya Burma, na ushauri wao kwa mgeni ni mmoja: nunua askari wengi wa miguu, ongeza mota na bombomu, na kile kisanduku chenye mzinga na watu wake kiache dukani. Vifaru havipiti msituni, watakwambia. Hata vikipita, miti inakuziba macho, utampiga nani? Na mzinga wenyewe ni mzito, huwezi kuuburuta kwenye tope na mizizi. Maneno haya yanasemwa kwa pumzi moja, na kwa kuwa yanaingia akilini haraka, hakuna anayejisumbua kuyapima. Mgeni anatii. Leo unaweza kucheza vita vya msituni mwaka mzima usiuone mzinga hata mmoja mezani, na watu wakaamini kwamba ndivyo vita vile vilivyokuwa.

Sivyo vilivyokuwa. Na nitaanza na neno lenyewe, msitu, maana kosa limejificha humo.

Mezani kwetu msitu ni zulia la miti ya plastiki lililotandazwa kutoka ncha hadi ncha. Hakuna barabara, hakuna daraja, hakuna shamba. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kando ya minazi, na nilipoanza kusoma habari za vita vya Pasifiki nilishangaa kuona ni mara ngapi mapigano yanayoitwa ya msituni yalipiganwa chini ya minazi. Guadalcanal kulikuwa na mashamba ya minazi ya kampuni ya Lever. Buna, pwani ya New Guinea, shamba la Duropa lilikuwa la minazi. Milne Bay, vivyo hivyo. Huko Malaya ilikuwa mipira, maelfu ya ekari za mipira iliyopandwa kwa mistari, na barabara ya lami ikikatiza katikati.

Sasa wewe uliyewahi kutembea katika shamba la minazi, nijibu: unaona umbali gani? Ukisimama sawa na mstari, unamwona mtu hata akiwa mwisho wa shamba. Ukisogea hatua mbili kushoto, vigogo vinafungana na mtu yule anapotea. Mahali pa namna hiyo kifaru chepesi kinapenya kati ya mnazi na mnazi, na mzinga uliolazwa kwenye magugu mwishoni mwa mstari unakiona tangu kinapoingia, nacho hakiuoni. Asiyejua shamba la minazi atadhani ni ukuta. Sisi wa pwani hatuna udhuru wa kudhani hivyo.

Usiku wa tarehe 27 Agosti 1942, Batalioni ya 2/10 ya Australia ilikutana na vifaru viwili tu vya Kijapani huko Milne Bay, penye kituo cha misheni kilichoitwa KB. Vilikuwa vifaru vyepesi vya aina ya 95, Ha-Go, na vilikuja vimewasha taa. Waaustralia hawakuwa na mzinga pale. Walikuwa na mabomu ya kunata, yale unayopaswa kuyabandika kwa mkono ubavuni mwa kifaru, na unyevu wa Milne Bay ulikuwa umeyaharibu, hayakunata. Vifaru vikazunguka gizani vikimulika watu na kuwapiga, na batalioni ikavunjika. Wenzangu wanapenda sana kusimulia mwisho wa habari hiyo, kwamba siku zilizofuata vifaru vile vilikwama kwenye tope vikatelekezwa, kisha wanasema: umeona? Nimeona. Nimeona pia kwamba tope lilifika baada ya batalioni kutawanyika. Watu waliokufa usiku ule hawakusaidiwa na tope.

Lakini penye ushahidi mkubwa ni Malaya, na hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu historia mara chache hutuwekea mizani iliyo wazi namna hii. Ni siku kumi na moja tu kati ya tukio la kwanza na la pili. Nchi ni hiyohiyo na adui ni yuleyule.

Tarehe 7 Januari 1942, kabla ya alfajiri, kundi la vifaru la Meja Shimada liliteremka barabara kuu kuelekea mto Slim. Mbele yake zilikuwa brigedi mbili za Divisheni ya 11 ya India, zimejipanga kwa urefu kando ya barabara, moja nyuma ya nyingine. Pande zote mbili mti na giza. Kama vifaru haviingii msituni, hapa ndipo pa kusimama kifua mbele. Shimada hakujaribu kuingia msituni. Alikaa barabarani. Akavunja kizuizi cha kwanza, akakuta vipande vya barabara ya zamani iliyoachwa, akavitumia kuzunguka, akaendelea. Mizinga ya kupiga vifaru ilikuwa michache, na mingi kati ya hiyo haikuwa imekaa mahali pa kuifunga njia. Batalioni moja ikakutwa inatembea barabarani kwa mstari, haina habari. Kwenye daraja la mto, mizinga ya Bofors ya kutungulia ndege ilielekezwa chini ikapiga, risasi zikagonga deraya zikaruka. Luteni Watanabe akashuka, akakata nyaya za baruti za daraja kwa upanga wake. Vifaru vilisafiri takriban kilomita 30 kabla ya mzinga mmoja wa inchi 4.5 kukisimamisha cha mbele kwa karibu sana. Hadi jua limepanda, divisheni ile haikuwa divisheni tena. Siku nne baadaye Kuala Lumpur ikaanguka.

Tarehe 18 Januari, penye kijiji cha Bakri, upande wa Muar, vifaru vya Kapteni Gotanda vilikuja kwa mtindo uleule: barabarani, kwa kasi, bila askari wa miguu wa kuvisindikiza. Mtindo ulikuwa umefaulu Slim, kwa nini uache? Vilikuwa tisa, vyote Ha-Go. Safari hii barabara ilikuwa na mizinga miwili ya ratili mbili ya Kikosi cha 2/4 cha Australia, chini ya Luteni Bill McCure. Sajini Clarrie Thornton alikuwa na mmoja, Sajini Charlie Parsons na mwingine. Vifaru vyote tisa vilibaki pale barabarani. Picha ipo, iliyopigwa siku hiyohiyo: barabara, mzinga ukingoni na watu wake wameinama nyuma ya ngao, na mbele yao chuma kilichokufa.

Na jambo linalonikera zaidi nikisikia kauli za wenzangu ni hili. Kwa simulizi ya McCure mwenyewe, kamanda wa batalioni aliyopelekwa kuisaidia hakuifurahia mizinga ile. Hakutarajia vifaru nchi ile. Aliipokea kwa kuwa amri ilitoka juu. Kwa maneno mengine, ushauri tunaowapa wachezaji wageni leo, baada ya miaka zaidi ya themanini na vitabu vyote hivi, ni wasiwasi uleule wa asubuhi moja ya Januari 1942, na wasiwasi ule ulijibiwa kabla siku haijaisha. Kamanda yule alikufa siku hiyohiyo, simsemi kwa ubaya. Yeye hakujua. Sisi tunajua.

Mtu makini ataniuliza: mizinga ile iliwaokoa? Haikuwaokoa. Wajapani wa miguu walizunguka kwa msituni, wakafunga barabara nyuma, na Waaustralia na Wahindi waliokuwa Bakri wakalazimika kupigana wakirudi hadi Parit Sulong, ambako majeruhi walioachwa waliuawa. Siuzungumzii mzinga kama hirizi. Ninachosema ni kwamba msitu hukifukuza kila chenye magurudumu na minyororo, kikaingia kwenye njia moja, na mwenye kuishika njia hiyo hulazimisha vita vya namna nyingine. Shimada aliishinda divisheni kwa saa chache kwa sababu njia ilikuwa wazi. Njia ya Bakri ilipofungwa, Wajapani walihitaji siku, watu wa miguu, na damu. Msitu ndio unaoupa mzinga kazi. Jangwani kifaru kina pande nne za kukuzunguka. Malaya kilikuwa na upana wa lami.

Tukija kwenye hoja ya macho, kwamba huoni mbali kwa hiyo mzinga ni bure. Hoja hii inatoka kwa watu waliojifunza mzinga kwenye meza za Afrika Kaskazini, ambako kila kitu ni umbali. Huko, kufikia mwaka 1942, mzinga wa ratili mbili ulikuwa umeshazeeka. Risasi yake ya milimita 40 haikutosha kwa deraya za Wajerumani kwa mbali, na waliokuwa nao walilalamika. Chukua mzinga huohuo uliodharauliwa, uweke kwenye kona ya barabara ya Malaya, hatua sabini kutoka mahali kifaru kitakapochomoza. Deraya nene kuliko zote ya Ha-Go ni milimita 12. Risasi ile inaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Kutokuona mbali hakukuupunguzia mzinga nguvu. Kumeufutia udhaifu wake wote na kumwachia adui wa kwake. Buna, tarehe 24 Desemba 1942, ilikuwa zamu ya Wajapani kuthibitisha jambo hilohilo. Vifaru vinne vya Stuart vilivyoendeshwa na Waaustralia viliangamizwa karibu na uwanja wa zamani wa ndege na mzinga wa kutungulia ndege uliokuwa umefichwa vizuri. Vinne! Kilichovimaliza ni kufichwa, na hakuna mahali duniani panapoficha kama msitu.

Ndiyo maana inanishangaza kuona mezani kwetu mzinga unawekwa waziwazi tangu mwanzo, sanamu imesimama, kila mtu anaiona, kisha tunasema haina maana kwa sababu ilipigwa na mota katika raundi ya pili. Sheria ninazotumia, Bolt Action, zilizotoka mwaka 2012, zina njia za kuanza umejificha, na sheria nyingine nyingi vilevile. Tumieni. Mwekeni mwenzenu karatasi tatu zilizogeuzwa chini, moja ya kweli na mbili tupu, uone dereva wa kifaru atakavyokata kona.

Halafu kuna goroli. Wenzangu husahau kabisa habari ya goroli.

Mzinga wa Kimarekani wa milimita 37, aina ya M3, ulikuwa na risasi moja isiyohusiana na vifaru. Ilikuwa kopo lililojaa goroli za chuma 122. Likitoka mdomoni linapasuka, goroli zinatawanyika kama za gobori, isipokuwa ni gobori la ajabu. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 1942, watu wapatao 900 wa Kanali Ichiki walijaribu kuvuka ulimi wa mchanga kwenye mlango wa kijito ambacho Wamarekani walikiita Tenaru, Guadalcanal. Hawakuwa na kifaru hata kimoja. Ng'ambo ya pili walikutana na seng'enge, bombomu, na mizinga ya milimita 37 yenye makopo ya goroli. Karibu 800 walikufa. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Oktoba, vifaru vya Kijapani vilijaribu kuvuka ulimi mwingine wa mchanga, ule wa mto Matanikau, na mizinga ya aina ileile ikabadilisha risasi tu na kufanya kazi iliyoandikwa kwenye jina lake.

Kwa hiyo anayesema mzinga hauna adui pasipo na kifaru, amelisoma jina hakuisoma kazi. Burma, Waingereza waliutumia mzinga wa ratili sita kupasua mahandaki ya Wajapani yenye dari za magogo, kwa kuwa risasi yake huenda moja kwa moja kwenye tundu dogo unalolilenga, jambo ambalo mota haiwezi. Handaki la magogo ndicho kitu kinachomshinda kila mchezaji wa vita vya msituni. Nimewaona watu wakimaliza nusu ya jeshi lao mbele ya handaki moja huku mzinga wao umelala ndani ya sanduku, nyumbani.

Wapo watakaosema PIAT inatosha, ile silaha ya begani ya Waingereza: nyepesi, mtu mmoja anaibeba, inaingia popote. Na watanitajia Ganju Lama. Namjua na namheshimu. Tarehe 12 Juni 1944, karibu na Ningthoukhong, alitambaa peke yake chini ya risasi, kiwiko kwa kiwiko, mkono umevunjika, mguu una jeraha, mpaka akafika umbali wa karibu mita 30, akaviua vifaru viwili. Akapewa Msalaba wa Victoria. Lakini tafakari maana yake. Ukiona kazi imefanywa na mtu akapewa nishani kubwa kuliko zote za dola, ujue kazi ile haikuwa ya kila siku. Huwezi kuupanga ulinzi wa barabara kwa kutegemea kwamba kila asubuhi Ganju Lama atazaliwa. Mzinga wenye watu waliofundishwa, waliojificha vizuri, hauhitaji mtu ajitoe mhanga kwanza.

Nije kwenye sanamu zenyewe, maana nazo zimechangia dharau hii.

Mzinga wa ratili mbili ulikuwa na umbo la pekee. Ukifika mahali pake, magurudumu yalitolewa na mzinga ukakaa juu ya miguu mitatu iliyotandazwa chini, kama kigoda kikubwa. Ukishakaa hivyo, unazunguka duara zima. Mlengaji ana uwezo wa kumfuata adui kutoka kushoto hadi kulia hadi nyuma yake bila mtu kunyanyua kitu. Na ulikuwa mfupi, ngao yake haifiki kifuani mwa mtu aliyesimama. Sasa fungua visanduku vingi: mzinga uko juu ya magurudumu, mrefu, umesimama kama mkokoteni sokoni. Ukishaubandika hivyo, sheria inauhesabu kuwa ni mzinga unaotazama mbele tu, kifaru kikipita pembeni umeisha. Umeuziwa mzinga nusu, kisha ukaambiwa mzinga haufai. Mimi wa kwangu niliukata magurudumu kwa kisu kidogo, nikatengeneza miguu mitatu kwa vijiti vya plastiki, nikakubaliana na ninaocheza nao kwamba utazunguka pande zote. Hakuna aliyepinga alipoona picha.

Kitako chake ni cha mviringo, milimita 60. Nimekitandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yamelowekwa gundi, juu yake majani ya chai yaliyotumika na kukaushwa. Hakuna kitu kinachofanana na sakafu ya msitu kuliko majani ya chai ya jana. Singa za mkonge zilizopakwa kijani kibichi ndizo nyasi. Mlengaji amepiga goti, jicho kwenye darubini. Mpakiaji amegeuka nusu, risasi imelala mikononi mwake kama mtoto mchanga, na ukitazama kwa karibu utaona hatazami mzinga, anatazama nyuma, kule msitu ulikofunga. Aliyeichonga sanamu hiyo alijua habari za Bakri, au aliijua hofu. Nilikaa na ule uso usiku mzima.

Uzito basi. Ni kweli, mzinga wa ratili mbili una zaidi ya kilo 800. M3 ya Wamarekani, kilo 400 na ushee. Wajapani walikuwa na wa milimita 37, aina ya 94, zaidi kidogo ya kilo 300, wakaufungua vipande na kuupakia migongoni mwa wanyama. Hizi si kilo za mzaha. Lakini mwenye kusema kwamba kitu kizito hakikufika msituni anawasahau watu waliokifikisha, na hapo ndipo mjadala huu unapoacha kuwa wa sanamu kwangu.

Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilichimba kwa mikono njia ya maili 75 hivi kupita milima hadi bonde la Kaladan, na wapagazi wake wakabeba mizigo kichwani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, iliteremka bonde la Kabaw katika masika ya mwaka 1944, mvua ambayo wakubwa wengi walisema hakuna jeshi linaloweza kuipita. Walisukuma magari kwenye tope lililofika kwenye ekseli, wakalaza magogo chini ya magurudumu, wakaugua malaria, na mwanzoni mwa Desemba wakawa Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Wapiga mizinga wa Kiafrika walikuwamo humo. Kiswahili kilikuwamo humo, ndiyo lugha waliyopigiana kelele wakisukuma. Na begani, kila mmoja alivaa alama ya divisheni: kichwa cha kifaru, yule mnyama. Kwa Waingereza ile ilikuwa nembo ya mnyama wa porini. Kwa askari aliyeijua lugha, neno ni lilelile, la mnyama wa nyikani na la chuma kinachonguruma barabarani.

Mchezaji anaposema "haiwezekani kuufikisha mzinga pale," mimi nawaona wale. Waliwezesha. Kazi yao ndiyo iliyofanya kitu kizito kiwe mahali pasipo njia, na kuiondoa mezani kwa sababu ya uvivu wa hoja ni kuwaondoa wao pia. Sanamu nilizonunua zilikuja na picha ya Wazungu kwenye kisanduku. Nilibadilisha vichwa, nikaweka vyenye kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, ile waliyovaa wetu Burma, nikachanganya kahawia na nyekundu kidogo mpaka ngozi ikapata uhai. Katika mashindano fulani niliyohudhuria ugenini, mwandaaji aliitazama meza yangu akaniambia hakukuwa na haja ya mzinga kwani ramani yake haikuwa na barabara. Nikamuuliza, askari wako walikula nini, kama hakuna barabara? Hakunijibu, wala hakubadilisha ramani.

Kuhusu pointi, sitapoteza muda. Mzinga ni wa bei nafuu kuliko kifaru katika kila sheria niliyocheza. Kama ramani haina njia, hata mchele wa kikosi chako hauwezi kufika. Lawama ni ya ramani.

Jumamosi tunacheza Bakri. Barabara nimeitengeneza kwa msasa mweusi, upana wa vifaru viwili tu, inaingia mezani kutoka kaskazini, inapinda penye kalvati, kisha inanyooka kwa urefu wa mkono. Pande zote mipira kwa mistari, niliihesabu, miti 64. Mwenzangu ana Ha-Go tisa, zimepakwa vizuri sana, na mistari ya njano inapita deraya kama ilivyokuwa. Anajua nina mizinga miwili. Hajui ipo wapi. Msomaji wa historia kama yeye atatarajia wa kwanza pale kwenye kona, na yumkini upo pale. Nimeamua kwamba mlengaji wangu, yule aliyepiga goti kwenye majani ya chai, atakiacha kifaru cha kwanza kipite.